Uliza Ujibiwe: Nani Anayekula Matunda Yako?

Barua za mwezi huu zimetoka Nakuru, Kisumu na Vihiga, na ingawa walioziandika hawajuani, kilio chao ni kimoja: wameutunza mti kwa miaka mitatu au minne, na siku ya kuvuna ilipowadia wakakuta mwingine amewatangulia. Nimefanya kazi ya ugani wa kilimo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nyumbani kwangu nina miembe, mipapai na mpera, kwa hiyo uchungu huo naujua. Nimechagua barua nne ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa na wengine.

Swali: Ninaishi Mwariki, Nakuru, si mbali na ua wa mbuga ya wanyama. Nyuma ya nyumba nina miparachichi mitatu ya kupandikizwa, aina ya Hass, na mwaka huu ndiyo imezaa vizuri kwa mara ya kwanza. Kundi la tumbili huja asubuhi na jioni. Huuma tunda mara moja, hulitupa na kuchuma jingine. Nilisimamisha sanamu nikaivisha koti la marehemu mume wangu, nayo ikawatisha kwa siku tatu pekee. Jirani amenishauri niwategee ndizi zenye sumu, lakini moyo wangu unasita. Nifanye nini?
*Mama msomaji, Nakuru*

Jibu: Mama, moyo wako umekushauri vizuri kuliko jirani. Ndizi yenye sumu haichagui mlaji. Inaweza kuokotwa na mtoto anayetoka shuleni, au na mbwa wako mwenyewe, na tumbili akifa kwa sumu hiyo mzoga wake utaliwa na mbwa wengine au na ndege wala mizoga, nao watakufa vilevile. Isitoshe, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumuua mnyamapori bila kibali, na atakayesimama mbele ya hakimu ni wewe uliyetega, si jirani aliyetoa ushauri. Kundi likianza kuingia jikoni au kuwatishia watoto, peleka taarifa katika ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ambalo lina maafisa wake hapo hapo mbugani.

Usishangae kwamba ua wa umeme wa mbuga hauwazuii. Ua ule unawafaa wanyama wakubwa kama vifaru na nyati. Tumbili na nyani huupita kwa kutumia matawi na nguzo, na wakishajua kwamba upande wa pili kuna chakula, watarudi kila siku. Ndiyo maana kazi ya kwanza haiko kwenye miparachichi. Iko kwenye pipa la taka. Maganda ya ndizi, mabaki ya ugali na mahindi yaliyoanikwa uwanjani ndivyo vinavyolileta kundi kwa mara ya kwanza, na parachichi hugunduliwa baadaye. Zungumza na majirani wa pande zote mbili mfunike taka zenu, kwa sababu ukifunika peke yako tumbili watakula kwa jirani na kumalizia kwako.

Baada ya hapo, tenga siku mbili, simama dirishani wakati wanapokuja, na usiwafukuze. Tazama wanapotokea. Mara nyingi utakuta kundi zima linatumia daraja moja, labda tawi la mgrevilea lililoinamia kwako, au paa la mabati la choo cha jirani, kwa sababu tumbili hapendi kukatiza uwanja ulio wazi ambako mbwa anaweza kumkuta mbali na mti. Kata tawi hilo na mengine yanayokaribiana nalo, mpaka pabaki nafasi ya mita tatu au zaidi kati ya miti ya mpakani na miparachichi yako. Mwenye mpapai mrefu au mwembe ulio peke yake anaweza pia kuuzungushia bati laini lenye upana wa sentimita 60, likianzia mita moja kutoka chini, likafungwa kwa waya usiokaza na kulegezwa kila mwaka shina linaponenepa. Kucha za tumbili, panya na kindi huteleza juu yake. Kwa miparachichi yako sikushauri ujisumbue na bati, maana Hass ya kupandikizwa hutoa matawi karibu na ardhi, na tumbili hana haja ya kupanda shina.

Kuhusu sanamu, umeona mwenyewe. Tumbili hutazama, na kitu kisichosogea kwa siku tatu huwa ni sehemu ya shamba. Kinachowasumbua kweli ni mtu na mbwa, wakitokea kwa nyakati zisizotabirika. Kwa kuwa wanakuja asubuhi na jioni, huhitaji kulinda mchana kutwa. Panga na vijana wa nyumbani walinde saa hizo mbili kwa wiki chache za mavuno, na mbwa aachiwe afike mpaka chini ya miti. Wiki hizo chache unaweza kuzifupisha zaidi, na hapa ndipo parachichi linapokusaidia kuliko tunda jingine lolote.

Lugha yetu inatofautisha kukomaa na kuiva, na parachichi ndilo linaloonyesha tofauti hiyo waziwazi. Hukomaa likiwa mtini, lakini haliivi wala kulainika mpaka litenganishwe na mti. Wengi hawajui hili, hivyo huacha matunda yaning'inie miezi na miezi wakisubiri yalainike, na kila siku ya kusubiri ni karamu ya tumbili. Chuma matunda matatu kutoka pande tofauti za mti, uyaweke ndani. Yakilainika kwa siku saba hadi kumi bila kunyauka wala kukunjamana ngozi, na ukiyapasua ukakuta ngozi ya kokwa imekuwa ya kahawia na nyembamba kama karatasi, basi mti huo uko tayari; vuna wote kwa siku moja au mbili, kwa mkasi, ukiacha kikonyo kifupi kwenye tunda. Yakikunjamana, yarudie majaribio baada ya wiki mbili.

Jambo la mwisho kwako, Mama, na ninaliandika kwa msisitizo. Watoto wasile tunda lililoumwa na tumbili, hata wakikata sehemu iliyoumwa. Na mtu akiumwa au kuparuzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa.

Swali: Nimejenga Riat, juu ya mji wa Kisumu, kwenye kiwanja chenye mwembe wa zamani na mipapai minne. Maembe yanatoweka usiku, na asubuhi tunakuta mabonge madogo ya nyuzi zilizotafunwa, mengine chini ya mti mwingine kabisa usiozaa matunda. Mke wangu anasema ni popo, mimi nashuku panya wa darini. Mchana nako mapapai yanatobolewa na kubaki maganda. Ndugu yangu mvuvi wa Dunga amejitolea kunipa nyavu kuukuu za mbuta nifunike mwembe wote. Je, zitafaa?
*Baba msomaji, Kisumu*

Jibu: Ndugu yangu, nyavu za mbuta nakuomba usizipandishe mtini, na sababu nitaieleza. Kwanza tumtambue mwizi, kwa sababu fedha nyingi hupotea katika kumzuia mnyama asiyehusika.

Mkeo anasema kweli. Popo wa matunda hutafuna nyama ya tunda, hunyonya maji yake, kisha hutema makapi yakiwa yamekazwa kama bonge dogo. Tena hupenda kulichukua embe na kwenda kulila kwenye mti mwingine, ndiyo maana umeyaona mabonge chini ya mti usiozaa. Panya angekuwa na alama nyingine. Yeye huguguna tunda likiwa mahali pake, huacha tundu lenye mistari midogo ya meno mawili mawili, na vinyesi vyeusi hubaki kwenye tawi au chini. Tumbili, kama ulivyosoma hapo juu, huja mchana, huuma na kutupa, na huvunja vijitawi. Huyo wa mapapai yako ni ndege. Shore na kuzumburu huanza na tundu dogo la mdomo kwenye sehemu iliyoanza kuwa ya manjano, kisha hulichimba tunda mpaka libaki ganda. Kuna na mwizi mwingine ambaye hukumtaja, lakini Kisumu yuko: ukikuta embe limeanguka likiwa na kitobo kidogo kama cha sindano, na ndani muna funza, huyo ni nzi wa matunda, na wavu wa kuzuia popo hautamzuia.

Sasa nyavu. Miaka kadhaa iliyopita nilifunika mlokwati wangu kwa wavu wa aina hiyo, wenye matundu mapana na nyuzi nyembamba zisizoonekana. Asubuhi ya pili nilikuta popo jike amenaswa kwa mabawa, na mtoto wake amemshikilia kifuani. Nilikata uzi mmoja mmoja kwa mkasi kwa karibu saa nzima. Mtoto alipona, mama hakupona. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaambia wakulima kipimo kimoja: kama kidole chako kinapita kwenye tundu la wavu, wavu huo ni mtego. Mwombe ndugu yako wavu wa omena uliochakaa badala ya wa mbuta, uuchunguze kwa kidole chako kila mahali, uchague vipande vyenye matundu madogo, na uutandaze kwenye fremu ya miti ukiwa umekazwa vizuri, usining'inie wala kugusa matunda. Mweupe ni bora kuliko mweusi, kwa sababu wanyama wa usiku huuona. Pembe zake za chini zifungwe kwenye shina ili ndege asiingie akashindwa kutoka.

Lakini mwembe wa zamani ni mrefu, na sioni namna ya kuufunika wote bila kuhatarisha shingo ya mtu. Kwa mti kama huo napendelea mifuko. Karatasi za mifuko ya saruji ni ngumu na hustahimili manyunyu. Zikung'ute vumbi lote, zikate, zishone kwa uzi kuwa mifuko yenye ukubwa wa mikono miwili, halafu matunda yafikapo ukubwa wa yai la kuku, baada ya yale dhaifu kuanguka yenyewe, vika kila tunda mfuko wake na kuufunga kwenye kikonyo kwa kamba ya katani. Mfuko uwe na nafasi ya tunda kunenepa, na kitundu kidogo chini cha kutolea maji. Kazi ni nyingi, sitakuficha, lakini mfuko mmoja humzuia popo, ndege na nzi wa matunda kwa pamoja, wala hakuna dawa ninayoijua yenye sifa hiyo. Huna haja ya kuyavika yote. Yavike yale unayoweza kuyafikia kwa ngazi fupi, ya kileleni waachie wenzako wa usiku.

Kila baada ya mavuno punguza urefu wa mti, usizidishe theluthi moja ya matawi kwa mwaka, na katika miaka mitatu utakuwa na mwembe unaoufikia kwa mkono. Pia usisubiri embe liive mtini. Popo huvutwa na harufu ya tunda lililoiva, kwa hiyo embe lililokomaa likiwa bado gumu halimshawishi sana. Utalijua kwa mabega yake, ambayo hujaa na kuinuka kupita pale kikonyo kinaposhikana na tunda. Lichume hapo, ulivumbike ndani ya sanduku pamoja na ndizi mbivu mbili tatu. Bibi zetu walivumbika ndizi na maembe kwenye majivu na majani makavu, na walikuwa na akili njema: matunda yanayoiva hutoa hewa inayoyaivisha mengine, mradi yawe yamefunikwa. Papai nalo lichume linapoonyesha michirizi ya manjano kwenye ncha, kabla kuzumburu hajaiona.

Maembe yaliyoanguka yaokotwe kila siku, yafukiwe kwenye shimo lenye kina cha sentimita 60, maana funza aliye ndani ya embe lililoachwa chini hujichimbia ardhini na kutoka akiwa nzi. Na ukijua popo wanalala kwenye mti gani, tafadhali usiukate. Wale popo wakubwa wa rangi ya majani makavu wanaoonekana magharibi mwa Kenya husambaza mbegu za mvule mbali na mti mama, mahali ambapo sisi hatungefika kuzipanda.

Swali: Mimi ni mzee wa Emuhaya, Vihiga. Shamba langu ni robo ekari. Nilipanda miche kumi ya maembe na maparachichi ya kupandikizwa, na baada ya mavuno ya mahindi mbuzi wa jirani wakaingia wakala miche saba. Ua wa seng'enge siuwezi kwa bei. Je, miche iliyoliwa itachipua?
*Mzee msomaji, Vihiga*

Jibu: Mzee wangu, pole sana. Nenda kwa kila mche na uangalie mambo mawili. Kama gome limechunwa kuzunguka shina lote, sehemu iliyo juu ya jeraha itakufa. Kama ni majani na ncha tu zilizoliwa, mche utachipua ukiumwagilia maji. Ila chunguza chipukizi zinatokea wapi. Kuna kovu kwenye shina, mahali aina bora ilipounganishwa na mche wa kienyeji. Chipukizi zilizo juu ya kovu ndizo ulizozinunua. Zilizo chini yake ni za kienyeji, zivunje kwa kidole zikiwa changa, na kama hakuna chipukizi yoyote juu ya kovu, ung'oe mche huo, kisha panda mche mwingine, kwa maana ukiuacha utatunza kwa miaka mti usiozaa ulichokitarajia.

Huhitaji seng'enge ya shamba zima. Kila mche ujengewe kizimba chake: fito sita au saba zenye urefu wa mita moja na nusu, zichomekwe nusu mita kutoka kwenye shina pande zote, zisukwe kwa vijiti au matawi yenye miiba. Umbali huo wa nusu mita ndio unaosahaulika, na mbuzi ana shingo ndefu kuliko tunavyodhani. Wakati kizimba hakijawa tayari, koroga kinyesi cha mbuzi na maji mpaka kiwe uji mzito, upake majani na shina kwa tawi la majani. Mbuzi hukwepa jani linalonuka kinyesi cha wenzake. Mvua ikinyesha upake tena, na usipake mti wenye matunda yaliyokaribia kuchumwa.

Kwa mpaka wa kudumu panda kayaba, kwa mstari, sentimita 30 kati ya mche na mche, uwe unaukata mara kwa mara ili ufungane kuanzia chini. Mnyaa, ambao majirani zenu Waluo huuita ojuok, hukua upesi zaidi, lakini utomvu wake huumiza macho vibaya, na penye wajukuu mimi singeupanda.

Kuhusu jirani, najua kwamba katika vijiji vingi mifugo hufunguliwa baada ya mavuno, na mwenye mbuzi huenda haoni kosa. Mwite pamoja na liguru, yaani mzee wa kijiji, kabla ya msimu ujao, si baada ya hasara nyingine, mkubaliane mbuzi wafungwe kamba mpaka miti ipite urefu wanaoweza kuufikia wakisimama kwa miguu ya nyuma. Ni misimu michache tu unayomwomba, na hilo umwambie.

Swali: Nimepoteza mitufaha miwili na mparachichi mmoja huku Njoro. Mti huwa na afya leo, baada ya siku chache unanyauka, na juu hauna jeraha wala mdudu. Ni ugonjwa gani?
*Msomaji, Njoro*

Jibu: Ushike mti ulionyauka uuvute. Ukitoka kwa urahisi na mizizi imekatwa kama kalamu iliyochongwa, si ugonjwa, ni fuko. Tafuta vichuguu vipya vya udongo laini karibu na hapo.

Fuko huishi peke yake ndani ya njia zake, na hapendi njia yake iwe wazi. Ukiifungua atarudi kuiziba, na hapo ndipo mtego wa fimbo iliyopindwa na kitanzi cha waya humnasa. Kama hujui kuutega, vijijini Njoro hawakosekani wategaji wanaolipwa kwa kila fuko, nao nawaamini kuliko moshi au petroli inayomwagwa shimoni na kuharibu udongo. Wengi hupanda utupa kuzunguka shamba ili kumfukuza. Ukiupanda, uwe mbali na mto na bwawa, kwa kuwa ni mmea ule ule unaotumiwa kuwalevya samaki. Viazi vitamu na majani ya nepia visikaribie miti michanga, maana ndivyo chakula anachokifuata.

Mti utakaopanda badala ya ile iliyokufa uwekee kikapu cha waya ardhini. Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, kina vilevile, utandaze ndani wavu wa waya wa kuku wenye matundu yasiyozidi sentimita mbili, chini na pande zote, kisha urudishe udongo uliochanganywa na samadi na upande mche katikati. Mizizi midogo itapenya kwenye matundu, na waya utaoza kwa kutu mti ukiwa umeshapata nguvu. Ukingo wa wavu uache utokeze juu ya ardhi kwa upana wa vidole vinne, kwa sababu fuko akizuiwa chini hujaribu kupita juu usiku.